Matone ya vitamini D kwa mtoto anayenyonya: nimpe, au jua la asubuhi linatosha?

"Shikamoo daktari. Nina mtoto wa kike wa miezi minne. Alizaliwa kwa miezi yake, ana afya, ananyonya tu, sijampa hata maji. Tunakaa ghorofa ya tatu Kariakoo, mimi navaa buibui na kutwa nzima niko ndani. Wifi yangu aliyeko Toronto ameniletea kichupa cha vitamini D, anasema kule kila mtoto anayenyonya hupewa tangu azaliwe. Mama mkwe anasema tuachane na mambo ya Wazungu, jua la asubuhi linatosha, na kila siku saa moja anamlaza karibu na dirisha. Kliniki hawajawahi kunitajia vitamini D, na jirani kaniambia nikimpa matone nitakuwa nimeharibu kunyonyesha maziwa ya mama pekee. Mtoto anatoka jasho jingi kichwani akinyonya, nywele za kisogoni zimekwisha, utosi bado laini, na miguu naiona kama imepinda. Tena nilipopita duka la dawa nikaona kichupa kingine kinasema ml 1 kwa siku, wakati hiki cha wifi kinasema tone moja. Nimpe kipi, kiasi gani, au nisimpe kabisa?"

Marahaba, mama. Na hongera kwa kufika mwezi wa nne bila kumwonjesha maji. Kwa joto la Dar es Salaam na mashauri ya kila anayeingia kumwona mtoto, hilo si dogo.

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Mpe. Kiasi ni IU 400 kwa siku (IU ni kipimo cha kimataifa cha nguvu ya vitamini), ambazo ni mikrogramu 10, kila siku mpaka atimize mwaka. Kichupa cha wifi kinafaa, lakini usikifungue kabla hujasoma ninachosema hapa chini kuhusu tone na mililita, maana hapo ndipo penye hatari, si kwenye vitamini yenyewe. Hizo dalili nne ulizoziona hazinitishi, nitazieleza moja moja.

Mifupa ya mtoto hujengwa kwa kalsiamu na fosforasi, na utumbo hauwezi kuyafyonza vizuri madini hayo bila vitamini D. Sehemu kubwa ya vitamini hiyo hatuili, tunaitengeneza wenyewe: miale ya jua ya urujuanimno, ile ya aina B, ikiipata ngozi, kuna mafuta ya jamii ya kolesteroli humo ambayo hugeuka kuwa vitamini D. Kisha huenda kwenye ini, halafu kwenye figo, ndipo iwe tayari kwa kazi. Ikipungua, kalsiamu inayoingia kutoka kwenye chakula nayo hupungua. Moyo, misuli na ubongo haviwezi kukaa bila kalsiamu, kwa hiyo mwili huanza kuichota kwenye mifupa. Zile ncha laini ambazo mfupa hurefukia zinabaki teketeke badala ya kukomaa, na mtoto akianza kuegemea miguu yake, inapinda. Huo ndio ugonjwa wa matege.

Maziwa yako yana karibu kila kitu anachohitaji mtoto wa umri huo, ila hiki kimoja ni haba. Kwa kawaida lita nzima ya maziwa ya mama haifikishi IU 100, na ya mama asiyeota jua huwa chini zaidi. Hilo lisikufanye uyashushe thamani maziwa yako wala ukimbilie ya kopo. Mtoto aliumbwa apate vitamini D yake juani, na sisi ndio tuliohamia ghorofani. Akiba aliyozaliwa nayo aliipata kwako akiwa tumboni. Kama wewe ulikuwa nayo kidogo wakati wa ujauzito, na kwa maisha uliyoyaeleza nadhani ndivyo ilivyokuwa, naye alianza na kidogo, na miezi minne inatosha kuimaliza.

Sasa jirani. Alichosikia kina ukweli, ila amekivuta kupita mahali pake. Kunyonyesha maziwa ya mama pekee maana yake ni kutompa maji, uji, juisi, maziwa mengine wala chakula. Shirika la Afya Duniani, katika maana hiyo hiyo, linaruhusu waziwazi matone na sirapu za vitamini, madini na dawa, pamoja na maji ya chumvichumvi ya kutibu kuhara. Tone la vitamini halijazi tumbo wala halimwondolei mtoto hamu ya ziwa. Mpe bila wasiwasi.

Kliniki nako usiwalaumu haraka. Hapa kwetu matone haya hayamo katika huduma za kawaida kwa kila mtoto. Shirika la Afya Duniani lenyewe linayashauri kwa watoto njiti na waliozaliwa na uzito mdogo wanaonyonya, wala halijaagiza kila mtoto aliyezaliwa kwa miezi kamili apewe. Canada, Marekani na Uingereza wameamua kuwapa watoto wote wanaonyonya. Mwaka 2016 mabingwa wa mifupa na homoni za watoto kutoka nchi mbalimbali walitoa mwafaka wao kuhusu matege, nao wakapendekeza IU 400 kwa kila mtoto mpaka mwaka mmoja, awe ananyonya au anakunywa ya kopo. Mimi nafuata mwafaka huo kwa watoto wa mjini wanaoishi kama wako. Kwa mtoto wa Singida anayeshinda mgongoni kwa mama shambani, kichwa na mikono wazi, siwezi kumlazimisha mama yake atafute kichupa kinachouzwa bei ya kilo kadhaa za unga.

Lakini kuna mkanganyiko wa kliniki ambao lazima niuondoe mapema. Mtoto akifika miezi sita atapewa tone la vitamini, lile la kapsuli ya buluu linalokatwa ncha na kukamuliwa mdomoni. Hiyo ni vitamini A, IU 100,000 kwa mara moja, na hurudiwa kila miezi sita. Haihusiani na vitamini D wala haichukui nafasi yake. Nimekutana na akina mama walioacha matone ya D wakidhani mtoto "ameshapata vitamini kliniki". Wengine, hawa ndio wanaonikosesha usingizi, huona laki moja ya A haikumdhuru mtoto wakajiuliza 400 ya D itafanya nini, basi wakaongeza. Namba za vitamini mbili tofauti hazilinganishwi.

Tuje kwa mama mkwe, na hapa nakuomba uwe mpole, maana msingi wa hoja yake ni sahihi kabisa: jua linatengeneza vitamini D. Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwaweka watoto wenye matege chini ya taa ya miale ya urujuanimno, na picha za mifupa yao zikaonyesha wanapona. Kinachokosewa ni saa na dirisha.

Saa moja asubuhi jua ndiyo kwanza limechomoza. Liko chini, miale yake inapita kwenye tabaka nene la hewa kabla ya kutufikia, na ile ya aina B, ambayo ndiyo tunayoihitaji, inanyonywa karibu yote njiani. Joto lipo, mwanga upo, vitamini D hakuna ya maana. Njia rahisi ya kupima ni kivuli chako: kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi haitengenezi kitu cha kutegemewa. Kwetu huku karibu na ikweta kivuli hufupika kuliko mtu kuanzia kama saa tatu na nusu au saa nne asubuhi, saa ambazo bibi yeyote mwenye busara anamwondoa mjukuu juani. Halafu kioo. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia miale hiyo ya aina B. Mtoto aliyelala nyuma ya dirisha la aluminiamu lililofungwa, hata saa sita mchana, atapata jasho tu.

Je, tumtoe nje saa nne? Kuna utafiti wa Cincinnati, Marekani, uliochapishwa 1985. Watoto wanaonyonya walihitaji kama nusu saa kwa wiki wakiwa na nepi tu, au saa mbili kwa wiki wakiwa wamevaa nguo lakini bila kofia, ili vitamini D yao isishuke chini ya kiwango. Si muda mrefu. Lakini wale walikuwa watoto weupe. Melanini, yaani rangi nyeusi ya ngozi yetu, huchuja sehemu ya miale hiyo, kwa hiyo mtoto wako angehitaji muda zaidi, na hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika ni dakika ngapi, maana inategemea rangi yake, mawingu, vumbi na sehemu ya mwili iliyo wazi. Upande wa pili kuna joto. Mtoto wa miezi minne hupoteza maji upesi, hawezi kusema ana kiu, na ngozi yake nyembamba huungua hata ikiwa nyeusi. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri walio chini ya miezi sita wasiwekwe juani moja kwa moja. Mimi siendi mbali hivyo. Ukitoka kwenda dukani au kwa shoga yako, mbebe, kichwa na mikono isifunikwe kwa khanga tatu, mpite juani na kivulini kama watu wengine. Hilo ni zuri kwake na kwako. Ila usilifanye ndiyo dawa ya kutegemea.

Na asikudanganye mtu kwamba nchi yenye jua haina ugonjwa huu. Nairobi hung'aa jua mwaka mzima, lakini watafiti waliochunguza watoto wenye matege katika mtaa mmoja wa mabanda, matokeo yakachapishwa 2018, walikuta ukosefu wa vitamini D ndio chanzo. Wenzetu walioko Muscat na Dubai wanalijua jambo hili vizuri: jua ni kali kiasi kwamba watu hujifungia ndani na viyoyozi, na upungufu wa vitamini D huko ni mkubwa. Wewe hapo ghorofa ya tatu unaishi kwa kiasi fulani kama wao.

Dalili zako sasa. Jasho la kichwani wakati wa kunyonya ni la kawaida. Kunyonya ni kazi, na Kariakoo ni joto. Jasho ningelihofia kama angekuwa anahema, anaacha ziwa kila mara kupumua, au haongezeki uzito, na hapo ningewaza moyo kwanza. Nywele za kisogoni zinaisha kwa kusuguana na shuka, zitaota akianza kukaa. Utosi wa mbele katika miezi minne lazima uwe wazi. Wengi hufunga karibu na mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Na miguu ya karibu kila mtoto mchanga imepinda kidogo kwa sababu ya alivyojikunja tumboni. Hunyooka yenyewe kuelekea mwaka wa pili, halafu hata magoti hugusana kwa muda kabla ya kukaa sawa. Kwa hiyo usimfunge miguu kwa kitambaa, wala usiruhusu mtu amnyooshe kwa nguvu akimkanda.

Matege yenyewe hujionyesha kwingine. Vifundo vya mikono huwa vinene kuliko inavyotarajiwa kwa mkono mdogo kiasi kile. Ukipitisha vidole mbavuni, pale mfupa unapokutana na gegedu, unahisi vinundu mstari mzima. Mfupa wa fuvu nyuma ya sikio ukibonyezwa taratibu unaingia na kurudi kama mpira wa tenisi ya mezani. Mtoto analegea, anachelewa kukaa, meno yanachelewa sana. Na katika miezi ya mwanzo dalili ya kwanza inaweza kuwa degedege tu, bila homa, kwa sababu kalsiamu ya damu imeshuka. Hiyo ni dharura, nitarudi kwayo.

Kwenye vichupa, tafadhali soma polepole. Vyote viwili vinaweza kuwa sahihi, kwa sababu vimetengenezwa kwa ukali tofauti. Cha wifi yaelekea kina IU 400 ndani ya tone moja. Kile cha duka la dawa yaelekea kina IU 400 ndani ya mililita moja nzima. Tatizo huja pale mtu anapochukua kipimo cha kimoja akakitumia kwa kingine. Mililita moja ina kama matone 30. Ukivuta ml 1 ya kichupa cha wifi kwa sirinji, umempa mtoto kama IU 12,000, dozi ya mwezi mzima kwa mkupuo mmoja. Ukifanya kinyume chake, tone moja la kile cha mililita, umempa karibu si kitu. Mwaka 2010 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya jambo linalofanana na hili: dropa za baadhi ya vichupa zilikuwa zinabeba dawa kuliko kipimo cha siku.

Basi chagua kimoja, kingine kisiingie nyumbani. Baki na cha wifi. Tafuta kwenye lebo maneno yanayosema tone moja lina kiasi gani. Likiandikwa 400 IU au mikrogramu 10, sawa. Likiandikwa 1000 IU, ni cha watu wazima, kirudishe. Osha mikono, geuza kichupa kichwa chini wima, usitikise wala usikigonge, subiri. Ni mafuta, hutoka taratibu, na ukikosa subira yatatoka matatu. Kwa siku za kwanza dondoshea kwenye kijiko kikavu uone tone lilivyo, kisha umpake mdomoni kwa kidole safi. Ukishazoea, liweke kwenye chuchu yako na umnyonyeshe papo hapo. Usilichanganye kwenye chupa ya maziwa uliyokamua, maana asipomaliza hujui amepata kiasi gani. Asali usimpe kabisa kabla ya mwaka, hata kama mtu atasema "ni kidogo tu ya kulainishia dawa".

Ukisahau siku moja, endelea kesho na tone moja, usilipe deni. Mwili huiweka akiba, siku moja haiharibu kitu. Mpe mtu mmoja kazi hiyo, wewe, na umwambie mama mkwe na dada wa kazi wazi kwamba wao hawampi. Dozi mbili kwa siku hutokea hivyo, kila mmoja akidhani mwenzake kasahau. Ikitokea mara moja akapewa mawili, hakuna madhara. Ikitokea amepewa mililita nzima, au mmegundua mmemzidishia kwa wiki kadhaa, acheni na mumpeleke hospitali na kichupa mkononi.

Kikomo cha usalama kwa aliye chini ya miezi sita ni IU 1,000 kwa siku kutoka kila chanzo, na IU 1,500 kwa wa miezi sita hadi mwaka. Ndiyo maana nakuuliza: kuna sirapu ya multivitamini uliyopewa? Mafuta ya ini la samaki? Soma lebo zao, nyingi zina vitamini D tayari, na mafuta ya ini yana vitamini A nyingi juu yake, sipendi yapewe mtoto mchanga. Zile kapsuli na pakiti za IU 60,000 zinazouzwa kwa watu wazima zisikatwe wala kukorogwa kwa ajili ya mtoto hata kidogo. Vitamini D ikizidi sana, kalsiamu hupanda kwenye damu: mtoto hutapika, hufunga choo, hukojoa mno, hulegea, na figo zake huumia. Jambo hili si la kila siku, lakini likitokea, kisa chake karibu kila mara ni kipimo.

Kwa kuwa watu huniuliza kama ni halali: vitamini D3, aina ya D inayotiwa kwenye matone mengi, kwa kawaida hutengenezwa kutokana na mafuta ya manyoya ya kondoo, na matone huchanganywa na mafuta ya mimea. Jelatini ni suala la kapsuli, si la matone, lakini soma orodha ya viungo ujiridhishe.

Kuna njia nyingine, kumeza wewe ili ipite kwenye maziwa. Inafanya kazi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2015 ulionyesha mama anayenyonyesha akimeza IU 6,400 kila siku, mtoto hupata sawa na aliyepewa 400 mwenyewe. Kwa mama ambaye mtoto anatema kila tone, naizungumzia. Lakini ni dozi kubwa, haifai kujianzishia dukani, hasa kama umewahi kuwa na mawe ya figo, na siku ukisahau kumeza, mtoto naye anakosa. Kipimo cha kawaida cha mama anayenyonyesha, IU 600, kinakutosha wewe ila hakimfikii mtoto. Kwako tone ni rahisi zaidi.

Kama siku moja itabidi aongezewe ya kopo, jua kuwa maziwa ya kopo ya watoto yamewekewa vitamini D. Anayekunywa karibu lita nzima kwa siku huipata IU 400 yake humo humo, hahitaji matone. Anayechanganya na ziwa aendelee nayo.

Miezi sita ikifika ndipo kalsiamu ya chakula inapoanza kuwa na uzito, na hapa wengi wenye matone mezani hujisahau. Nchini Nigeria, utafiti uliochapishwa 1999 uliwafuata watoto wenye matege waliokuwa wanapata jua la kutosha, na waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Walikuwa wanakula vyakula vya nafaka visivyo na maziwa. Uji mtupu wa mahindi ni hivyo hivyo: kalsiamu ni kidogo, na nafaka ina kitu kinachoishika isifyonzwe. Saga dagaa waliooshwa mchanga vizuri, weka kijiko kwenye uji au mboga. Mpe kiini cha yai. Na ziwa liendelee, lisiachwe.

Kipimo cha damu cha vitamini D sikuoni ukikihitaji kabla ya kuanza. Ni ghali, na kwa mtoto mzima wa afya hakibadilishi dozi hii. Ningekuwa na mawazo tofauti, na ningekutaka uje uonane na daktari kabla ya kuanza au mapema baadaye, kama mtoto angekuwa njiti, kama alibaki na manjano kwa wiki nyingi, kama wewe au yeye mnatumia dawa za kifafa au za kifua kikuu, kama ana tatizo la figo au ini, au kama ukoo una historia ya kalsiamu kupanda. Njoo pia ukiona vifundo vya mikono vinanenepa, uzito kwenye kadi umesimama, au kafika miezi tisa hawezi kukaa bila kushikwa. Tutapiga eksirei ya kifundo cha mkono na damu kidogo. Matege yakithibitika hutibiwa kwa dozi kubwa kuliko hii, pamoja na kalsiamu, kwa miezi isiyopungua mitatu chini ya daktari, kwa hiyo ukishuku usiongeze matone mwenyewe. Akipata degedege, awe na homa au asiwe nayo, akipumua kwa shida au akiwa mlegevu kiasi kwamba huwezi kumwamsha anyonye, usisubiri asubuhi.

Andika tarehe ya kufungua juu ya kichupa kwa kalamu, kiweke mbali na jua na jiko, na ukiwa unaenda kliniki mwezi ujao kibebe ndani ya mkoba. Mwonyeshe nesi, mwombe aandike kwenye kadi ya mtoto "vitamini D IU 400 kila siku" na tarehe uliyoanza, ili daktari yeyote atakayemwona baadaye ajue asimwandikie nyingine juu yake.